Usipakie Ile Yenye Taya Kubwa

Nyumbani kwenu,
Kwenye meza ya karakana,
Jumatano, mara baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. Hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kuinama chini ya mashine za watu? Baridi ya huko imepungua au bado unavaa soksi mbili mbili? Na chakula? Usinijibu kwamba unakula. Nataka kujua unakula nini na anayepika ni nani, maana nakujua toka utotoni: wewe ukiachwa peke yako unaweza kuishi kwa mkate na chai mpaka ukapauka kama ukuta.

Sisi huku tu wazima. Mama mzima, goti lake linamsumbua asubuhi lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Shemeji yako mzima wa mwili. Mimi sina haja ya kujieleza: nimenenepa kidogo, nimependeza sana, na watu wanaendelea kuniomba ushauri.

Najua unashangaa. Kaka mwenye simu mbili, leo anaandika kwa kalamu kama karani wa posta! Sababu ni moja: kwenye simu huniamini. Juzi nilikutumia ujumbe kwamba usilete ile mashine kubwa, ukanijibu kwa vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Nikakupigia. Ukasema, "Kaka bwana, niko juu ya kreni, vichekesho vyako baadaye," ukakata. Sikulaumu. Mtu aliyechekesha watu miaka yote hawezi kuamka siku moja akadai asikilizwe. Ndiyo maana nimekaa chini, nimefuta grisi mezani, na barua hii atakuletea yule muuguzi, mtoto wa mwalimu, anayerudi huko kazini kwake leo jioni. Nimemwambia akuwekee mkononi, si kwa mlinzi, si kwa jirani.

Sasa nisikilize. Usipakie ile yenye taya kubwa. Kama umeshaipakia, ishushe. Kama kontena limeshafungwa, lifungue. Sitanii.

Nitakueleza kwa nini, hata kama kueleza kwenyewe kunaniuma.

Jumapili ile uliponipigia ukiwa hapo kwenye uwanja wenu wa mashine zilizotumika, uliniuliza swali zuri la kitaalamu. Uliniuliza trekta yetu ina nguvu ya farasi wangapi, ili ujue utuletee kifaa gani cha kung'olea miti. Nilikuwa nimekaa na watu, simu nimeiweka kwenye spika, Kimbelembele jirani yetu ametega sikio. Nikajipiga kifua nikasema, "Farasi themanini, tena wenye njaa!" Watu wakacheka, nawe ukacheka, ukaandika themanini.

Mdogo wangu, ni arobaini na tano. Nao ni farasi wazee.

Mimi nilidhani huo ni utani wa kawaida, sawa na mtu kusema ana wake wanne huku hata mmoja anamshinda. Sikujua kwamba huko kwenu mtu akitamka namba, mashine inatafutwa kwa namba hiyo. Mimi huyu niliyevuka mipaka minne nikiwa tingo wa malori, niliyewahi kumfundisha askari wa forodha kucheza bao akaniachia mzigo wote, nimekwama kwenye swali la farasi!

Nikurudishe kidogo nyuma ili upate picha. Unaikumbuka miti ya miiba kule chini ya shamba? Ulipoondoka ilikuwa vichaka vya kufukuzia mbuzi. Sasa ni jeshi. Imeshuka kutoka kwenye kingo za mfereji, imekula robo ya shamba. Ukiukata mmoja, mvua ikinyesha mara moja tu unachipua vichwa vitatu, vyote vina hasira. Panga haliusaidii, moto unauburudisha. Dawa yake ni kuung'oa na mizizi yake, basi.

Na msimamizi wa mfereji ametangaza: maji mapya yanafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Shamba lenye miti hiyo halipewi zamu, maana mizizi inapasua kuta za mfereji. Hataki kuona hata kisiki. Unajua maana yake kwetu. Bila zamu ya maji, msimu huu tunaangalia mbingu kama watu waliopotelewa na ndege.

Basi mimi, kwa akili zangu za barabarani, nikasema tusisubiri mashine. Tuanze na mnyororo.

Hapa ndipo naomba ukae chini kama umesimama.

Jumamosi tulikwenda shambani, mimi na shemeji yako. Yeye kwenye usukani, kama kawaida. Wewe unajua, nami sioni aibu kusema, kwamba mimi nikikaa kwenye trekta hiyo inakohoa na kuzima kama inanikataa. Kwenye malori nilikaa kiti cha pembeni, nikaimba, nikapanga mizigo. Yeye amelelewa kwenye trekta ya baba yake. Watu wa hapa wanamwita Mama Klachi, na jina hilo hakulipata kwa kuhonga. Analima mashamba ya nusu ya mtaa, na hajawahi kung'oa hata uzio wa mtu.

Mimi kazi yangu ni kusimama nyuma. Nafunga mnyororo kwenye mti, naufunga kwenye trekta, natoa ishara ya mkono, yeye anavuta. Miti midogo ilitoka kama karoti. Nikaanza kuimba. Nikampungia mkono msimamizi wa mfereji aliyekuwa anapita mbali, kama vile mimi ndiye niliyekuwa navuta.

Ndipo tukafika kwenye mti mmoja mnene kama kiuno cha Mama. Mnyororo ukawa mfupi. Ukiuzungusha kwenye shina hilo, haufiki kwenye ndoano ya chini ya trekta. Mtu mwenye busara angetafuta mnyororo mwingine. Mimi nikautundika juu, kwenye ile pini ya mkono wa juu nyuma ya kiti, maana huko ulifika. Tena nilijisifu. Nikasema, "Ona, huku juu utavuta vizuri zaidi!" Yeye aligeuka kutazama, lakini matawi yalimziba. Hakuona nilipofunga. Alinitegemea mimi.

Nikatoa ishara.

Mti haukutikisika. Magurudumu ya nyuma yaling'ang'ania ardhi, na trekta, badala ya kwenda mbele, ikaanza kwenda juu. Magurudumu ya mbele yaliacha ardhi. Nakwambia niliona tumbo la trekta, sehemu ambayo mtu huiona tu akiwa amelala chini na spana. Niliona matone ya oili kwenye tumbo hilo. Shemeji yako alikuwa ameegemea nyuma kabisa, uso umeelekea mawinguni, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi. Ilibaki kidogo tu impindukie na kumlalia. Trekta yetu haina hata kile chuma cha kukinga kichwa.

Akakanyaga klachi. Mwili wake wote ulikuwa unaanguka nyuma lakini mguu ulikwenda mbele, peke yake, ukakanyaga. Trekta ikashuka kwa kishindo, mnyororo ukachomoka kwenye ile pini, ukapita karibu na sikio langu ukiunguruma. Ukaichukua kofia yangu. Kofia sijaiona mpaka leo.

Alizima, akashuka, akatembea mpaka kwangu. Akanishika mabega, akanigeuza huku na huku kama anayekagua shati sokoni. "Umeumia?"

Nikasema, "Aliyeumia ni kofia tu."

Hakucheka. Akaenda mferejini akanawa mikono, akanawa tena, akanawa tena. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Trekta ililala shambani.

Toka siku hiyo nyumba yetu ina baridi kuliko huko kwako. Si kwamba amenuna. Anapika, anaongea na Mama, ananiuliza kama nataka chumvi. Lakini nikitaja trekta anatoka nje. Nami nikifumba macho naona magurudumu yale mawili hewani, yanazunguka polepole, hayana haraka yoyote.

Fundi wa haidroli, ile mitambo inayonyanyua kwa nguvu ya mafuta ya kwenye paipu, alikuja Jumatatu kuitazama trekta huko huko shambani. Ni mtu mfupi, mkali, anaongea huku kaweka bolti mdomoni. Nikamwonyesha picha tatu za mashine ulizotuma. Kwenye ile ya kwanza, yenye taya kubwa uliyotuchagulia, aliangalia, akaangalia trekta, akatoa bolti mdomoni.

"Hii ni ya nani?"

"Yetu. Iko njiani."

"Na trekta mtakayoifunga iko wapi?"

"Si hiyo umeishika?"

Akanitazama kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa. Akasema mashine hiyo peke yake, kabla haijashika hata unyasi, ikitundikwa nyuma ya trekta yetu magurudumu ya mbele yataanza kuelea. Ikishika mti na kuunyanyua, dereva atalala chali. "Mtamwua huyo mama," akasema, akarudisha bolti mdomoni.

Maana yake ni kwamba lile lililotokea Jumamosi kwa mnyororo, mimi nimeliagiza lije kwa kontena, lina rangi nzuri, na wewe mdogo wangu unalipakia kwa upendo.

Sasa umeelewa kwa nini siongei kwa simu.

Kwa hiyo tubaki na picha mbili. Ile ya tatu, isiyo na haidroli, ambayo taya zake zinajibana zenyewe kadiri trekta inavyovuta, mimi ndiyo niliyoipenda. Inavutwa kwenye ndoano ya chini kabisa, kwa hiyo trekta haiwezi kuinua kichwa kirahisi. Nyepesi, haina paipu za kuvuja, na fundi mwenyewe hakuitukana. Tena mtu anasimama nyuma anaiweka sawasawa kwenye shina, na mtu huyo ni mimi, nina kazi. Nilikuwa nakaribia kukuandikia hapa kwamba utuletee hiyo ya tatu na

Subiri. Trekta imewaka kule shambani.

Nimerudi. Samahani kwa alama hiyo hapo juu, ni udongo, na kalamu niliikanyaga nikaipata nyingine kwa Mama. Utasoma hivyo hivyo.

Niliposikia trekta nilitoka mbio bila viatu. Mama alikuwa mlangoni, akasema tu, "Amepita na mnyororo wa Kimbelembele." Nami wetu nilikuwa nimeuficha kwenye pipa la pumba, nikajiona mjanja!

Nilipofika shambani nikaona mambo mawili. La kwanza, kwenye kona ya shamba letu kuna kigingi chekundu. Msimamizi wa mfereji amepita leo asubuhi akakipigilia: shamba lenye kigingi linarukwa. La pili, shemeji yako yuko kwenye kiti, trekta inanguruma, mnyororo mrefu umefungwa kwenye mti, na Kimbelembele amesimama mbali, juu ya kichuguu, kama refa.

"Nimemwambia nipande mimi," Kimbelembele akanipigia kelele, "maana mwanamke akishaogopa mara moja mkono hautulii!"

Shemeji yako akamjibu bila kugeuka. "Panda basi. Lakini kwanza nipe namba ya mkeo, nimpe pole mapema."

Kimbelembele akabaki kwenye kichuguu chake.

Nilikwenda nikasimama kati ya trekta na mti, juu ya mnyororo wenyewe, mguu huku na mguu huku. Nikasema, "Zima."

"Ondoka hapo nyuma."

"Zima kwanza."

"Nimesema ondoka hapo nyuma!" Sauti ilimkatika. Miaka yote tuliyokaa sijawahi kusikia sauti hiyo, na nimewahi kupoteza funguo zake mara nyingi. Akazima. Nikasikia maji yanatiririka kwenye mfereji wa juu, maji ambayo si yetu.

Nikaenda kuangalia alipofunga. Ilikuwa chini, kwenye ndoano yenyewe, mnyororo mrefu umenyooka, mti mdogo wa kawaida. Kila kitu sawasawa kuliko nilivyowahi kufanya mimi. Nikamwuliza kwa nini hakuniita.

"Nikuite usimame wapi?"

"Pale pale pangu. Nyuma."

Akashuka akakaa kwenye tairi. Akasema, "Wewe toka Jumamosi unanitazama kama yai. Kila saa, uliogopa? uliogopa? Mimi sikuogopa kwenda juu. Klachi iko mguuni kwangu, naijua. Nilipotua nikageuka, nikauona mnyororo unapita hapo kilipokuwa kichwa chako. Sikukiona kichwa. Uliinama, au ulianguka, sijui. Kwa muda huo wote mimi sikukiona. Wewe huko nyuma una klachi gani?"

Mdogo wangu, mimi nina jibu la kila kitu. Nimewajibu maaskari, nimewajibu wadai, nimemjibu hata mchungaji. Hapo nilijipapasa kichwa nione kama kipo. Nilikaa naye kwenye tairi, Kimbelembele akaona mambo hayamhusu tena akashuka kichuguu kwenda zake.

Kumbe alikuja shambani wakati ninaandika kwa makusudi, ili afunge mwenyewe, apande mwenyewe, avute mwenyewe, ashuke tena, mti mmoja mmoja, nami nisiwepo. Alitaka kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi kwa njia hiyo. Nilimwambia ile mimea haitaisha hivyo hata tukipata wajukuu. Akasema anajua. Akasema aliona kigingi kile akashindwa kukaa.

Basi tukazungumza juu ya picha zako, tukiwa tumekaa hapo hapo, mashine mbili zilizobaki. Nikaisifia ile ya tatu kama muuza sabuni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: taya zake anazishikisha nani kwenye mti? Nikasema mimi. Akasema, "Basi hiyo hapana." Nikamwambia ni salama, inavuta chini. Akasema, "Mwenye kiti ni mimi. Sivuti kitu chochote ambacho wewe umesimama nyuma yake. Ukitaka, oa dereva mwingine."

Kwa hiyo ni ya pili. Ile ya kati. Inafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, dereva anarudi kinyumenyume mpaka mti uingie kwenye taya, anavuta kirungu akiwa kitini, zinabana shina pale pale linapotokea ardhini, ananyanyua. Mtu mwingine yeyote anakaa mbali na kuchekesha watu. Kazi hiyo naiweza.

Nimepita kwa fundi nikirudi, nimemwuliza kama ya kati itakubali. Amesema itakubali kwa masharti. Trekta yetu ina tundu moja tu la haidroli linalofanya kazi, la pili linavuja kama pua ya mtoto. Inabidi alifungue, abadilishe, kisha atutengenezee vyuma vya uzito vya kufunga mbele ili kichwa kikae chini. Na miti minene kuliko paja isiguswe na mashine, ichimbwe kwa jembe na sururu pole pole. Nikamwuliza yote hayo yatakamilika kabla ya mwisho wa mwezi? Akacheka mpaka bolti ikamtoka mdomoni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumchekesha, nami sikuwa natania.

Sasa sikiliza lililobaki, maana hapa ndipo palipokuwa pagumu.

Shemeji yako alinisikiliza niliporudi na majibu ya fundi. Akavaa viatu vizuri, akaenda kibandani kwa msimamizi wa mfereji, nami nikamfuata hatua kumi nyuma kama mlinzi. Nilidhani anakwenda kumwomba muda, na mimi nilishaandaa maneno matamu ya kuongeza, maana kwa maneno matamu mimi sina mpinzani. Akasimama mbele ya meza ya yule bwana akasema kigingi kibaki. Msimu huu turukwe. Akamwomba zamu yetu wapewe majirani wa upande wa chini, wale wenye mboga, ambao siku zote wanapata maji ya mwisho mwisho yenye matope. Msimamizi alitazama kalamu yake, akatutazama sisi. Nadhani hajawahi kuona mtu anakataa maji. Akauliza, "Mna uhakika?" Shemeji yako akamjibu, "Hatuna. Lakini ndivyo ilivyo."

Maneno yangu matamu nilirudi nayo nyumbani yote. Weka tarehe, maana halijawahi kutokea.

Kwa hiyo msimu huu, mdogo wangu, maji yatapita tukiyaangalia. Tutapanda kidogo upande wa juu, tutategemea mvua, na shemeji yako ataendelea kuwalimia watu. Hatutalala njaa, usianze kujinyima mkate wako. Lakini ndiyo, imeniuma. Nimeshawatangazia watu wote kwamba shamba letu litakuwa la kwanza kumwagiliwa. Itabidi nihame mtaa au nitunge hadithi nyingine.

Sasa kazi yako. Usikimbilie kontena la wiki hii. Liende bila mzigo wetu. Ile kubwa irudishe ilipokuwa, mwenye farasi themanini wa kweli atakuja kuichukua. Ile ya kati ukaikague taratibu, uifungue na kuifunga, utazame paipu na pini zake kama vile wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti. Ikiwa na kasoro, usituhurumie, iache, tafuta nyingine. Tutangoja.

Ndani ya bahasha kuna kamba. Shemeji yako amezungusha kamba hiyo kwenye mashina, chini kabisa udongoni, maana mti huu hunenepa miguuni, akapiga fundo kwa kila mti tunaotaka utoke. Fundo la mwisho ndilo mti mnene kuliko yote tutakaougusa kwa mashine. Ikunje kamba iwe duara mpaka fundo hilo, kisha pima kama duara linaingia kwenye mdomo wa taya. Ukiona duara haliingii, usinipigie mimi nikubishie. Amini kamba.

Mama anakusalimu, anauliza kama taya hizo zina meno, na kama yana meno yanasafishwaje. Nimemwambia wewe ndiye utakayemjibu. Shangazi wa karibu na kisima anakusalimu sana, anakuombea mchumba, nimemwambia aombe polepole. Wapwa zako wote wanakusalimu, yule mkubwa amekua mrefu kuliko mimi lakini sura bado nimemzidi. Fundi wa haidroli hakujui ila anakusalimu, na anasema huko mlipo mjifunze kuuliza trekta yenyewe, si mwenye trekta. Kimbelembele hajatuma salamu lakini nakuletea kwa niaba yake, ni mtu mwema akiwa mbali.

Mungu akulinde mikono yako na vidole vyako vyote, akupe kazi isiyokuvunja mgongo, na kila chuma unachosogelea kikae mahali pake mpaka utoke chini yake. Uvae hizo soksi. Ukipata nafasi rudi ututazame, hata kama ni kwa kututania tu, nitakuvumilia.

Muuguzi amekuja, yuko getini na begi lake, anatazama saa. Shemeji yako anataka kalamu. Namwachia.

Wako akupendaye kuliko unavyojua,
kaka yako.

Shemeji, hujambo. Nimesoma yote, leo hajaongeza kitu. Trekta ni arobaini na tano, bamba lake la kiwandani nimelifuta kwa mkono nikalisoma. Nataka ile ya kati. Siku utakayoipima kwa kamba, usimpigie yeye, nipigie mimi. Nitakuwa nimeshika simu.